Kompyuta Inayoangushwa na Sauti: Kwa Nini Kupiga Window Hakuiponyi

Mtwara mjini, kuanzia vibanda vya stesheneri hadi meza za mafundi kule sokoni, ugonjwa wa kompyuta una dawa moja: kupiga window, yaani kufuta Windows na kuisakinisha upya. Mashine inajizima? Piga window. Inaganda katikati ya wimbo? Piga window. Imetoa skrini ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza? Hiyo ndiyo kabisa, piga window haraka. Mteja anaiacha asubuhi, anaifuata jioni, analipa, anaondoka nayo ikiwa inakimbia vizuri. Baada ya muda, na aghalabu usiku wa shughuli ya watu, skrini ni ya bluu tena.

Dawa hiyo haikosi mantiki. Windows mpya inafuta uchafu wa miaka, na kweli mashine inapata nafuu. Lakini kama kilichoiangusha ni draiva mbovu ya sauti, fundi ameifuta na kuirudisha siku hiyohiyo. Ama mashine imeunganishwa na intaneti na Windows Update ikaishusha upya, ama fundi amechomeka flashi yenye kifurushi cha “draiva zote” na kuiacha ijichagulie. Faili ni lilelile, na mteja amelipia safari ya kurudi pale alipokuwa.

Nazungumzia kundi hili moja la maanguko kwa sababu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Ukimwambia mtu kwamba diski mbovu inaua kompyuta, anakubali. Ukimwambia karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, katikati ya msimu wa korosho, kwamba mashine anayoandikia mizani imeangushwa na kitu cha sauti, na yeye tangu aipewe hajapiga hata wimbo mmoja, anaona unamzuga tu.

Hazugwi. Ila maelezo yake yanahitaji tuingie ndani kidogo.

Sauti inafikaje kwenye kiini

Draiva ni programu ndogo inayojua namna ya kuongea na kifaa kimoja. Chipu ya Realtek, kampuni ya Taiwan ambayo chipu zake za sauti zimo katika sehemu kubwa ya kompyuta tunazotumia, haijui VLC, kicheza muziki, ni nini. VLC nayo haijui Realtek. Katikati yao kuna Windows, na katikati ya Windows na chipu kuna draiva.

Windows inagawa kazi katika tabaka mbili. Programu za kawaida, kama Word, kivinjari na kicheza muziki, kila moja inakaa katika eneo lake na hairuhusiwi kugusa kumbukumbu ya mwenzake. Chini yao kuna kiini cha mfumo, na humo kila kitu kinaweza kugusa kila kitu. Katika jahazi la kutoka Mikindani, abiria akizidiwa na bahari anatapika pembeni na safari inaendelea. Aliyeshika usukani akisinzia, wote mnakwenda majini. Draiva nyingi, ya sauti ikiwamo, zinakaa kwenye usukani. Word ikikosea, inafungwa Word peke yake. Draiva ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kumwokoa mwingine.

Hapo Windows hufanya jambo ambalo wengi hulielewa kinyume: inajisimamisha yenyewe kwa makusudi. Ikishagundua kwamba kumbukumbu ya kiini imechezewa, kuendelea kungeweza kuandika takataka juu ya mafaili yako kwenye diski. Kwa hiyo inasimama, inaandika kumbukumbu fupi ya tukio, na kuonyesha skrini ya bluu. Katika Windows 11, masasisho ya mwaka 2025 yameifanya skrini hiyo kuwa nyeusi, kwa hiyo usisubiri rangi ya bluu ndipo uamini. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyosimamisha viwanja vya ndege na benki sehemu nyingi za dunia tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike lilipoingia kwenye draiva yake ya ulinzi. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5. Ile haikuwa draiva ya sauti, lakini nafasi yake ndani ya mfumo ni ileile.

Kwa nini basi sauti, na si kibodi au kipanya? Hizo nazo huangusha, ila sauti ina shida ya pekee: haisubiri. Kwa kawaida Windows huandaa sauti kwa vipande vya milisekunde 10. Wimbo unaochezwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipimo vidogo vya sauti, unahitaji sampuli 480 katika kila kipande. Kwa spika mbili na biti 16 kwa kila sampuli, hizo ni baiti 1,920. Ni kidogo sana, lakini zinatakiwa mara 100 kila sekunde, bila kukosa, hata kama wakati huohuo kivinjari kimefungua kurasa ishirini. Zikichelewa, sikio linasikia mkwaruzo papo hapo. Jicho lingesamehe picha iliyochelewa kiasi hicho, sikio halisamehe.

Ili mambo yaende kwa kasi hiyo, kifaa hukatiza prosesa: acha ulichoshika, nihudumie. Wakati wa kukatizwa, kipande cha draiva hutekelezwa katika ngazi ya juu ambayo ndani yake kusubiri ni marufuku. Sasa, sehemu ya kumbukumbu ya Windows huwa imehamishiwa kwenye diski kupunguza msongamano. Programu ya kawaida ikiihitaji, inasubiri iletwe. Draiva iliyo katika ngazi ile ya juu haiwezi kusubiri. Ikigusa kumbukumbu iliyoko kwenye diski, au anwani ambayo ilisharudishwa kwa mwenyewe, mfumo unasimama na kuandika DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, namba 0xD1. Jina refu na la kutisha, lakini maana yake ni kwamba draiva imegusa kumbukumbu isiyopaswa kuguswa wakati ule.

Ikikawia mno kwenye ngazi hiyo bila kumwachia prosesa, jina linakuwa DPC_WATCHDOG_VIOLATION, 0x133. Na ukifunga mfuniko wa mpakato, Windows ikaiamuru draiva ilale, nayo isijibu, utapata DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, 0x9F. Hii ya mwisho ndiyo inayompata karani wetu. Draiva yake ya sauti inapakiwa kila asubuhi mashine inapowaka, apige muziki asipige, na kila mashine inapolala au kuamka nayo lazima iitikie. Mashine imeachwa wazi saa ya chakula, imelala yenyewe, anarudi anaikuta na skrini ya bluu. Hakuna wimbo uliochezwa.

Microsoft wenyewe waliliona tatizo hili zamani. Katika Windows XP, hata kazi ya kuchanganya sauti za programu mbalimbali ilifanyika ndani ya kiini. Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, iliitoa kazi hiyo nje, pamoja na madoido ya sauti, ikawekwa katika programu ya kawaida inayoitwa audiodg.exe. Ndiyo maana leo sauti inaweza kukatika ghafla huku kipanya kinatembea na kila kitu kingine kiko salama. Ikikutokea hivyo, hujapatwa na tatizo la makala haya. Fungua orodha ya huduma za Windows kwa kuandika services.msc, tafuta “Windows Audio”, iwashe upya, uendelee na kazi. Kilichobaki ndani ya kiini tangu Vista ni kidogo kuliko zamani, na hicho kidogo ndicho kinachotusumbua.

Mlio wa brrrrr hauthibitishi kitu

Mashine inaganda katikati ya wimbo na spika zinatoa mlio mmoja usiokatika, brrrrr, mpaka uzime kwa nguvu. Kila aliyekuwapo anasema: ni sauti hiyo! Hata mafundi wazoefu husema hivyo.

Chipu ya sauti huwa haimsubiri prosesa ampe kila sampuli. Inasoma yenyewe kutoka eneo dogo la kumbukumbu lililopangwa kwa mzunguko, ikifika mwisho inarudi mwanzo, na draiva inapita mbele yake ikijaza sauti mpya. Prosesa ikisimama kwa sababu yoyote ile, hakuna anayejaza. Chipu haijui. Inaendelea kusoma kipande kilekile mara kwa mara, na huo ndio mlio. Mashine iliyoganda kwa joto, kwa kadi ya picha mbovu au kwa ramu iliyochoka italia vilevile, ilimradi ilikuwa ikipiga muziki. Kwa hiyo mlio unakuambia mashine ilisimama ghafla. Nani aliyeisimamisha, hapo ushahidi wake umeishia. DJ wa Shangani ambaye mashine yake hupiga muziki saa nane mfululizo ataona kila kifo cha mashine yake kina mlio, kwa sababu haijawahi kufa ikiwa kimya.

Kutafuta faili lenye kosa

Kwanza, tenganisha umeme na programu. Kwetu Kusini, ambako umeme kukatika na kurudi si habari ya kusimulia, hili ndilo swali la mwanzo kabisa. Fungua “Event Viewer”, ingia kwenye kumbukumbu za “System”, tafuta tukio namba 41 la “Kernel-Power”. Wengi wakiliona wanashangilia kwamba wamepata jibu, na sivyo: tukio 41 linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Ingia kwenye “Details” usome mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote: umeme, betri, adapta, joto, au kuganda kabisa mpaka ukashika kitufe. Ukiwa na namba nyingine, kiini kilijisimamisha chenyewe. Namba hiyo huandikwa kwa desimali, jambo linalowapoteza watu. 209 ni ile 0xD1, 307 ni 0x133, na 159 ni 0x9F.

Halafu zuia mashine isijiwashe yenyewe kabla hujasoma. Katika sehemu ya “Startup and Recovery” ya sifa za mfumo kuna kisanduku cha “Automatically restart”, ondoa tiki. Hapohapo hakikisha kumbukumbu ndogo ya tukio inaandikwa. Itakuwa inahifadhiwa katika folda ya C:\Windows\Minidump. Kama folda hiyo ni tupu na mashine imeanguka kwa namba iliyo wazi, angalia kama kuna programu ya kusafisha inayofuta humo, au kama mtu alizima faili la kubadilishana kumbukumbu (page file) ili kuokoa nafasi. Bila faili hilo kwenye diski ya Windows, ushahidi hauandikwi.

Kusoma minidampu, yaani kumbukumbu hizo ndogo za tukio, si kazi ya wateule. BlueScreenView ya NirSoft ni ndogo, ya bure, na haihitaji hata kusakinishwa. Mwenye bando la kutosha atumie WinDbg ya Microsoft yenyewe, afungue faili na kuandika !analyze -v. Utakachotafuta ni jina la faili linaloishia na .sys. RTKVHD64.sys ni ya Realtek. CHDRT64.sys ni ya Conexant. IntcAudioBus.sys ni ya Intel Smart Sound, iliyomo kwenye mashine mpya kidogo. Ukiona nvhda64v.sys, AtihdWT6.sys au IntcDAud.sys, hizo ni draiva za sauti pia, ila zinatoka kwa NVIDIA, AMD na Intel, na kazi yao ni kupeleka sauti kwenye televisheni kupitia waya wa HDMI. Mwenye kibanda cha kuonyesha mpira ambaye mashine yake huanguka pale tu anapochomeka projekta aanze na hizo tatu. Kuhangaika na Realtek ni kumwonea.

Mara nyingi kitakachotajwa ni ntoskrnl.exe, yaani kiini chenyewe, au portcls.sys, ks.sys, hdaudbus.sys. Haya ni mafaili ya Microsoft na ni nadra sana yawe na hatia. Kiini kinatajwa kwa sababu ndicho kilichopiga breki. Portcls na ndugu zake ni njia ambazo draiva ya mtengenezaji hupitia. Zikitajwa, jua umefika mtaa wa sauti na sasa tafuta nyumba. Tazama orodha ya draiva zilizokuwa kwenye mnyororo wa wito (call stack), yaani zilizokuwa zikiitana, wakati wa tukio, juu na chini ya portcls.

Minidampu moja haitoshi. Zikiwa tatu na zote zinataja faili moja, una kesi. Zikiwa tatu na kila moja inataja jina tofauti, leo sauti, jana mtandao, juzi kadi ya picha, weka kando habari za draiva kwanza. Hapo mshukiwa mkuu ni ramu. Kumbukumbu yenye kasoro huharibu chochote kilicholala juu yake. Windows ina kipimo chake, mdsched.exe, na MemTest86 inayowashwa kutoka flashi ni kali zaidi. Iache usiku kucha.

Kuna chombo kingine kimoja ambacho sijui kwa nini hakitumiki: andika perfmon /rel. Inafunguka grafu ya siku kwa siku, ikionyesha maanguko na, siku hiyohiyo, nini kilisakinishwa. Ukikuta msalaba mwekundu wa kwanza uko kesho yake baada ya sasisho la sauti, umeokoa jioni nzima.

Namba kubwa si lazima iwe njema

“Sasisha draiva” ni ushauri wa kila mahali, na mara kadhaa sasisho lenyewe ndilo lililoleta msiba. Oktoba 2018 Windows Update ilisambaza kimakosa draiva ya sauti ya Intel toleo la 9.21.00.3755 kwenye mashine zisizoihusu, na sauti ikazimika. Baadaye, Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, ikagundulika kwamba draiva ya Intel Smart Sound ya matoleo 10.29.0.5152 na 10.30.0.5152, ikikutana na prosesa za Intel Core za kizazi cha 11, huleta skrini ya bluu. Microsoft ikazizuia mashine hizo zisipandishwe mpaka zibadilishe draiva. Kizuizi hichohicho kikarudi tena kwenye toleo la 24H2.

Tiba ilikuwa matoleo yanayoishia na 5714 au zaidi, yawe ya 10.29 au ya 10.30. Soma hapo kwa utulivu. 10.30.0.5152 inaonekana kubwa kuliko 10.29.00.5714, na kumbe ya kwanza ndiyo mbovu. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa na neno. Fundi anayechagua kwa kuangalia namba za mbele angeiondoa nzima na kuweka yenye kasoro, kwa nia njema kabisa.

Wengine husema draiva yao ni salama kwa kuwa Windows imeikubali. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, draiva mpya za kiini lazima zipitie saini ya Microsoft. Saini inathibitisha nani ameitoa na kwamba haijabadilishwa njiani. Haithibitishi kwamba haina kosa.

Matengenezo yenyewe

Kama mashine haikai hewani dakika tano, ingia kwanza kwenye hali salama (Safe Mode). Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, Windows huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Pita “Troubleshoot”, “Advanced options”, “Startup Settings”, kisha bonyeza 4. Hali salama haipakii draiva za sauti za watengenezaji, kwa hiyo mashine ikitulia humo, shaka yako imepata nguvu. Imepata nguvu tu, kwa sababu draiva kamili za picha na mtandao nazo zimeachwa nje.

Ukishaingia, fungua “Device Manager” na ushuke hadi “Sound, video and game controllers”. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, fungua sifa za kifaa, ukurasa wa “Driver”, bonyeza “Roll Back Driver”. Ikiwa kitufe kimefifia, hakuna toleo la nyuma lililohifadhiwa.

Njia ninayoipenda zaidi ni nyingine, na inanishangaza jinsi inavyopitwa. Ndani ya Windows yenyewe mna draiva ya jumla ya sauti, faili HdAudio.sys, ambayo Microsoft waliiandika kwa ajili ya kiwango cha High Definition Audio kilichotolewa na Intel mwaka 2004. Haihitaji hata megabaiti moja ya bando, na kwa mtu aliyeko Liwale au ndani kabisa ya Nanyumbu hilo si jambo dogo. Chagua “Update driver”, kisha kutafuta kwenye kompyuta yako, kisha kuchagua mwenyewe kutoka kwenye orodha, na uguse “High Definition Audio Device”. Windows itakuonya, kubali. Utapoteza madoido na pengine ujanja wa kutambua umechomeka nini kwenye tundu la hedifoni. Kwa mashine ya stesheneri, ya shule au ya ofisi, hakuna atakayegundua. Kwenye mashine mpya zenye Intel Smart Sound njia hii huwa si rahisi hivyo, kwa kuwa sauti na maikrofoni hupitia barabara tofauti. Hizo zipelekwe kwenye draiva ya mtengenezaji.

Na ukisema mtengenezaji, ni wa mpakato wenyewe, si wa chipu. Chipu ya ALC256 ya Realtek ni moja, lakini kila kampuni inaunganisha spika, maikrofoni na matundu kwenye miguu tofauti ya chipu hiyo, na draiva hubeba ramani ya miunganisho hiyo. Kifurushi cha flashi cha “draiva zote” hakijali ramani. Kwa mashine zilizotumika zinazoshuka kutoka Kariakoo zikiwa zimebadilishwa hata nembo, usiamini maandishi ya mfuniko. Katika sifa za kifaa, ukurasa wa “Details”, chagua “Hardware Ids”. Utaona kitu kama HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0256&SUBSYS_ na tarakimu nane. VEN_10EC ni Realtek. 14F1 ni Conexant. Tarakimu nne za kwanza baada ya SUBSYS ni za aliyeunda mashine: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Maandishi hayo hayabandikwi wala hayabanduliwi na muuzaji.

Kisha funga mlango, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Windows hutunza nakala ya kila draiva iliyowahi kusakinisha, na ukiondoa kifaa tu, ikiwaka inachukua nakala ileile. Unapoondoa, weka tiki kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe. Kama zimo nyingi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, tafuta oem na namba yake, kisha ufute kwa pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall, ukiweka namba yako badala ya hiyo 12. Fanya hayo intaneti ikiwa imezimwa. Baada yake, tafuta “Change device installation settings” na uchague “No”; mwenye Windows ya Pro anaweza kuzuia draiva zisije na masasisho kupitia sera za mfumo. Na ukimaliza chagua “Restart”, usizime na kuwasha. Tangu Windows 8, kwenye mashine zenye kuwaka kwa haraka, kuzima kwa kawaida hakuanzishi kiini upya. Kinalazwa kwenye diski na kuamshwa kikiwa vilevile, na kosa lake.

Karani wetu wa AMCOS ana njia fupi kuliko zote. Hahitaji sauti. Bofya kifaa, chagua “Disable device”, kwaheri.

DJ hana anasa hiyo. Ushauri wangu kwake ni kwamba mashine ya shughuli isiwe na draiva ya sauti ambayo haitumiki. Miksa nyingi za USB zinakubali draiva ya Windows yenyewe, usbaudio2.sys imekuwamo tangu toleo la 1703 la mwaka 2017. Akitumia hiyo, au ile ya mtengenezaji wa miksa, azime sauti ya ndani ya mpakato. Programu za kubadili sauti na za kuunda waya wa sauti wa kubuni, zinazopendwa na watu wa redio za mtandaoni, nazo huingiza draiva kwenye kiini na mara nyingi huiacha humo hata programu ikishafutwa. Tundu la hedifoni aliangalie kwa tochi. Hewa ya chumvi ya pwani hula shaba, na tundu lenye kutu huiambia draiva kwamba waya umechomeka, umechomolewa, umechomeka, bila mtu kugusa. Draiva dhaifu ikipigwa na taarifa hizo mfululizo inaweza kuanguka. Hapo ni kazi ya spiriti na brashi.

Kuna kifaa kikali ambacho baadhi ya video za mafunzo hukipendekeza mapema mno: Driver Verifier, amri ya verifier. Kinazibana draiva unazozichagua kwa makusudi mpaka mbovu ianguke mapema na ijitaje. Kinafanya kazi kweli, lakini kinaweza kuiangusha mashine kila inapowaka, hata usiweze kuingia. Usikiwashe kabla hujajaribu kuingia hali salama ukafanikiwa, na amri ya kukizima, verifier /reset, iandike kwenye karatasi.

Limebaki swali ambalo wenye mashine za zamani wameniuliza sana: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache, je, draiva zao za sauti ndiyo zimekwisha? Kwa usalama wa mtandao, huko kuachwa ni hasara. Kwa sauti, mashine ya mwaka 2014 ambayo draiva yake imetulia haikuwa ikisubiri toleo jipya kwa vyovyote vile. Weka nakala ya draiva hiyo kwenye flashi kwa amri ya pnputil /export-driver * ikifuatiwa na jina la folda, na siku fundi akisisitiza kupiga window, mpe flashi hiyo kabla hajachomeka ya kwake.